Drili Iliyokatwa Kinyume

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la mikasi, nikapewa keki, leso mbili na kiti cha plastiki, nikaambiwa sasa nipumzike. Nimepumzika siku nne. Siku ya tano nimejikuta nimesimama juu ya kile kiti, nimelileta pazia la chumbani karibu na jicho ili nione limefumwaje, na wajukuu wananicheka. Basi nimeona afadhali niandike haya mliyoniomba, ninyi walimu vijana wa karakana yetu ya ushonaji, kabla sijaanza kufumua mapazia ya watu.

Sitawaeleza nilipandishwa daraja lini wala nani alicheleweshewa barua. Mambo hayo yapo kwenye faili, na panya wa ofisi yetu wanayajua vizuri kuliko mimi. Nataka kuwaeleza habari ya kitambaa cha shati la mwanamume. Msicheke! Wengi wenu mnajua kupima, kukata na kushona, mkono wenu mwepesi, Mungu awazidishie. Lakini mkiletewa kitambaa mnauliza rangi. Kitambaa si rangi. Kitambaa ni nyuzi zinazopishana, na namna zinavyopishana ndiyo inayoamua kama mtu atatokwa na jasho, kama miiba itamchana, kama kola itasimama. Mara moja katika maisha yangu iliamua kama mtu atarudi kwao. Nitafika huko.

Nilizaliwa kwenye kambi ya mifugo upande wa Eldas, na mwalimu wangu wa kwanza hakuwa fundi cherehani. Alikuwa ayeyo wangu, bibi mzaa mama, ambaye alifuma herio, ile mikeka tunayofunikia nyumba zetu za kuhamahama. Alitafuna magome ya mgunga mpaka yakalainika, akayasokota nyuzi, akaketi akifuma huku akisema na ngamia waliokuwa mbali kabisa na wasiomsikia. Herio ina pande mbili. Upande mmoja umeachwa vifundo na nyuzi zinazoning'inia, mvua ikipiga inateleza juu yake. Upande wa pili ni laini, umepangika, una mapambo. Mgeni akisimama nje ya nyumba anaona nyuzi kama manyoya tu. Uzuri wote unamtazama aliyelala ndani. Nilikua nikijua hivyo, wala sikujua kama kuna watu duniani wanaofanya vingine.

Kisha ikaja miaka ya vita vya shifta. Malisho yakafungwa, mifugo ikapotea, baba akafariki, na mimi na mama tukateremka Garissa kwa eddo Khadija, shangazi yangu, aliyekuwa akiuza maziwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Kiswahili changu wakati huo kilitosha kuuliza bei na kukataa bei. Miongoni mwa wateja wa maziwa wa eddo alikuwa mshonaji mmoja kutoka Lamu, Fundi Bakari, mtu mwembamba, mwenye kofia iliyopigwa wanga hata siku ya joto la kuyeyusha sabuni. Alikuwa anatafuta mtu wa kutia vifungo na kupiga mapindo. Eddo akanisukuma mbele.

Siku yangu ya kwanza nilitia kifungo cha kwanza, nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno. Cherehani ikanyamaza. Fundi Bakari akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, meno ni ya nyama. Dukani hapa mna mikasi saba."

"Ni mara moja tu, Fundi. Haraka."

"Mate yanaacha doa kwenye popilini nyeupe, na anayekata kwa meno leo, kesho hukata kitambaa bila kupima. Mkasi."

Nikachukua mkasi. Kelele mnazonisikia nikiwapigia miaka yote hii kuhusu meno zilianzia hapo, kwa hiyo mkilaumu, laumuni Lamu.

Siku hiyo hiyo, baada ya adhuhuri, alinipa kitu kilichonibadilisha maisha. Ilikuwa lenzi ndogo ya fundi saa, ile ya kubana kwenye jicho. Akaniwekea kipande cha popilini mezani, akasema, "Tazama." Nilitazama, na wallahi nilipiga ukelele! Kile kitu nilichokiona laini kama karatasi kilikuwa mkeka! Uzi juu, uzi chini, uzi juu, uzi chini, maelfu, zimepangika utadhani bibi yangu ameketi humo ndani na vidole vidogo kuliko vya mchwa. Niliitoa lenzi nikaiweka tena. Nikamwambia Fundi kwa Kiswahili changu cha sokoni kwamba humo ndani kuna herio. Hakujua herio ni nini. Lakini aliona uso wangu, na nadhani hapo ndipo alipoamua kwamba hatanirudisha kwenye vifungo peke yake.

Alinifundisha kila kitu kwa majina yake. Nyuzi zinazovutwa kwa urefu wa jora ni mtande. Zinazopita kukingama ni mshindio. Popilini ni moja juu, moja chini, lakini mtande wake umesongamana kuliko mshindio, ndiyo maana ukipitisha ukucha juu yake unasikia vijituta vidogo vimelala kukingama. Kitambaa hicho kinakaa kimya mwilini, kinafaa shati la Ijumaa na shati la karani. Oksfodi ni jamaa mwingine. Nyuzi mbili za mtande zinakwenda pamoja, kama mume na mke wasiogombana, na mshindio mmoja mnene unazipita zote mbili kwa mkupuo. Mara nyingi mtande una rangi na mshindio ni mweupe, kwa hiyo kwa mbali unaona buluu na kwa karibu unaona vidoa vyeupe. Kina matundu, kinapumua. Kwa Garissa yetu ni rehema.

Halafu drili. Ah, drili! Humo mshindio unapita juu ya uzi mmoja na chini ya nyuzi tatu, na kila safu inasogea hatua moja pembeni, basi inatokea mistari ya mshazari inayopanda kitambaa kizima. Ina uso na ina mgongo. Usoni mtande umetawala, mistari iko wazi, imebanana, ukigusa ni nyororo. Mgongoni mshindio ndio mwingi, mistari imefifia, inakwaruza kidogo, na inaelekea upande wa pili. Popilini ukiigeuza hakuna atakayejua. Drili ukiigeuza, anayejua anajua. Kulikuwa pia na kile kinachoitwa mfupa wa samaki, ambacho mshazari wake unapanda, unageuka, unapanda tena. Tulipata jora moja tu kwa miaka yote, nami nilikuwa nikilifungua kila asubuhi kulitazama mpaka Fundi akalificha. Na kulikuwa na tetroni, iliyoletwa na mfanyabiashara mmoja akisema haihitaji pasi. Ni kweli haikuhitaji pasi. Aliyeivaa saa saba mchana ndiye aliyepigwa pasi.

Jioni kabla ya kufunga, Fundi alinifumba macho kwa ukanda wa bafta, akanipitishia vipande vinane mkononi. Nilitakiwa kutaja kila kimoja, uso wake uko wapi na mtande unakwenda wapi. Mwezi wa kwanza nilikosa vitano. Mwezi wa tatu nilikosa kimoja. Siku niliyopata vyote vinane nilitoka mbio barazani nikawatangazia wauza maziwa kwamba najua oksfodi kwa kidole gumba. Wakaniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Fundi alikuwa na sheria mbili kubwa. Ya kwanza, shati lisilo na nyuzi tatu nyekundu halijatoka dukani kwake. Kila shati likimalizika alilikagua mwenyewe, kola, mikono, mabega, kisha akatia mishono mitatu ya uzi mwekundu ndani ya pindo la chini, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa kibiringo kile chekundu. Ya pili, uso wa kitambaa ni wa watu. "Atakayegeuza kitambaa dukani kwangu," alisema, "na aende akashone magunia." Alisema hivyo kwa sababu washonaji wa ovyo hugeuza kitambaa ili kuficha doa au mahali palipochujuka na jua. Kwake yeye shati lililogeuzwa lilikuwa uwongo wenye vifungo.

Wakati huo Garissa ilikuwa imebanwa. Kulikuwa na kafyu, kulikuwa na vibali vya kwenda hapa na pale, na malori yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na askari. Ikawa majora yamekaribia kwisha, na Fundi akaenda Nairobi mwenyewe kuyaleta. Alisema ni siku tano. Msafara wa kurudi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, na mimi nikabaki na duka kwa wiki tatu, na amri ya kutokata kitambaa, nipige mapindo tu.

Wiki ya pili akaja Abdinur. Alikuwa mchuuzi wa mifugo, wa kwetu Eldas, mrefu, mpole, mwenye miguu ya mtu aliyetembea kutoka Wajir mpaka soko la Garissa zaidi ya mara moja. Shati lake lilikuwa limechanwa na miiba mgongoni. Alitaka jingine, gumu, lisiloonyesha vumbi, na alikuwa anaondoka kesho kutwa. Tulizungumza Kisomali.

"Fundi hayupo, walaal, ndugu yangu," nikamwambia. "Mimi natia vifungo."

"Eddo yako anasema unajua nguo hata ukiwa umefumba macho."

Nikavimba kichwa. Nakiri. Rafuni lilikuwepo jora moja lililobaki, drili ya kaki, ile ile waliyovaa makarani, madereva, watoto wa shule na askari. Nikaikunjua. Abdinur akaipitisha shavuni upande mmoja, kisha upande wa pili, akauliza kwa nini upande laini ukae nje ambako hakuna mtu. Na mimi, mjukuu wa mfuma herio, nikajiona nimepata jambo ambalo Lamu nzima haijalifikiria! Bila shaka! Upande unaokwaruza utazame miiba na vumbi, upande laini umtazame mwenyewe. Nikakata shati zima kinyume, mbele, mgongo, mikono, mpaka mfuko. Kola ikanikwamisha, kwa sababu kile kitambaa kigumu cha kuipa nguvu kilikuwa kimekwisha, basi nikachukua masalio ya oksfodi ya buluu yaliyobaki Fundi alipojishonea shati lake mwenyewe, nikayaweka ndani ya kola. Likakaa vizuri ajabu. Abdinur alilivaa, akainua mikono, akainama, akacheka, akaenda zake. Nyuzi nyekundu sikuzigusa. Ujasiri wangu ulikuwa na mpaka.

Fundi aliporudi nilimwambia kila kitu kilichotokea isipokuwa hicho. Drili iliyopungua nilisema panya. Naandika haya nikiwa nimestaafu, kwa hiyo hamwezi kuniandikia barua ya onyo.

Ilipita kama miezi minne. Asubuhi moja nilirudi dukani kutoka mtoni kufua bitana, nikamkuta Fundi Bakari anazunguka meza, kofia imepinda.

"Askari wawili wametoka hapa sasa hivi," akasema. "Wamekuja na shati. Kaki. Wanauliza kama ni kazi yangu! Saadia, shati limekatwa lote kinyume. Lote! Mpaka mfuko! Nimelifunua pindo, hamna uzi mwekundu. Nikawaambia, jueni kabisa, kitu kile hakijatoka kwangu, na aliyelishona ana jambo la kuficha."

Nikaweka ndoo chini. "Ni shati la nani, Fundi?"

"La mchuuzi mmoja wamemkamata porini. Asema kashonewa hapa. Wao wanasema ni nguo ya askari mwenzao aliyepotea, ikafumuliwa na kugeuzwa ili isijulikane. Alasiri wanampakia kwenye lori na wengine, wanapelekwa mbali. Mwongo mkubwa, kulitaja duka langu!"

Watu waliopakiwa kwenye malori yale hatukuwa tukiwasikia tena. Niliogopa mambo mawili kwa pamoja, na naona aibu kuwaambia kwamba lile dogo ndilo lililonijia kwanza: kwamba nitafukuzwa, na sitaishika lenzi tena. Kisha nikaona uso wa Abdinur alipokuwa akiinua mikono.

"Fundi," nikasema, "nimelikata mimi."

Nikamweleza yote, jora, shavu, herio, oksfodi ndani ya kola. Nilipofika kwenye panya alifumba macho. Nje watu walikuwa wanapiga kelele za mnada wa mbuzi kama siku yoyote nyingine.

"Nimewaambia nini wale askari?" akasema mwisho, na hakuwa ananiuliza mimi. "Nimewaambia aliyelishona ana jambo la kuficha." Akavua shati alilokuwa amevaa, akaenda nyuma, akarudi amevaa jingine. Lilikuwa lile la oksfodi ya buluu. Akatia lenzi mfukoni, na wembe. "Jitande mtandio wako. Twende. Habari ya wewe kuondoka dukani kwangu tutaizungumza tukirudi."

Mlangoni pa kambi ya askari koplo alitukatalia. Fundi akamwambia amwendee kapteni, amwambie amekuja mtu anayejua kwamba mkono wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia kwa nusu inchi. Kapteni alikuwa mteja wetu wa popilini nyeupe, na hizo ni siri ambazo mshonaji hazitoi ila kwa dharura. Tukaingia.

Kapteni alikuwa nyuma ya meza ya mbao, mtu wa bara, macho yamechoka. Abdinur alikuwa ameketi chini pembeni, kifua wazi, shuka kiunoni, mdomo umekauka. Aliponiona aliinamisha kichwa, nafikiri aliona haya nimkute vile. Shati lilikuwa juu ya meza limekunjwa. Nje niliona lori, na wanaume wanne wameketi kwenye kivuli chake.

"Mzee Bakari," kapteni akasema, "umeshawaambia vijana wangu si lako."

"Nilikosea, bwana. Nilisema kabla ya kuuliza. Mshonaji ni huyu."

Kapteni akanitazama, na kwa kweli hakuvutiwa. "Wewe dada, mzee huyu ameliona shati asubuhi. Kila alichokiona amekuambia. Nitakuamini vipi?"

Hapo, sijui nguvu ilitoka wapi, nikasikia sauti yangu inatoka kubwa. "Afande, usinionyeshe. Usilikunjue. Nitakuambia kitu ambacho Fundi hajakiona, wala askari wako, wala huyu aliyelivaa. Kata kola. Ndani yake kuna kipande cha oksfodi ya buluu. Nyuzi mbili mbili za mtande, mshindio mweupe. Kimetoka kwenye jora moja na shati alilovaa Fundi sasa hivi. Kisipokuwemo, unipakie mimi kwenye lori."

Maneno ya mwisho yale hayakuwa ya lazima. Fundi alinikanyaga mguu, lakini yalikuwa yameshatoka.

Kapteni akaashiria. Fundi akanipa wembe. Nililivuta shati, nikalitambua kwa vidole kabla ya macho, nikaanza kufumua kola kwenye kona. Jamani, nilikuwa nimeishona imara! Nilikuwa najivuna siku ile, nikapita mara mbili kila mahali, na sasa kila mshono ulinikatalia. Nikatoa mmoja, wa pili, wa tatu. Nikachungulia: kaki. Nikakumbuka kwamba kulikuwa pia na masalio ya popilini yenye mistari myekundu kwenye kikapu kile kile, na ghafla sikuwa na hakika nilichukua lipi. Nikafumua tena, nikaingiza kidole gumba ndani, nikakisugua. Vijitundu. Nyuzi mbili mbili! Nilicheka kwa sauti kabla sijakitoa. Nikakivuta, kipande cha buluu kikaangukia mezani mbele ya kapteni.

Fundi akaweka mkono wa shati lake kando ya kile kipande, akampa kapteni lenzi. Kapteni akaibana jichoni vibaya, ikaanguka, akaibana tena. Alitazama kipande, akatazama mkono wa Fundi, akarudi kwenye kipande. Muda ulikwenda. Kisha nikaona kitu ambacho nimekiona tangu hapo kwa wanafunzi wengi, na kila mara kinanifurahisha: alisahau kwamba yeye ni mkubwa. "Zinakwenda mbili mbili," akasema taratibu. "Hebu tazama wewe, koplo."

"Tazama na shati lako la kazi, afande," nikasema. "Mistari inapanda kushoto, iko wazi. Ya hili nje imefifia, inapanda kulia. Geuza ndani. Umeona? Ndani ndiyo kama yako. Kiwandani hakuna anayekata hivi."

"Na wewe ulikata hivi kwa nini?"

Nikamweleza habari ya nyumba. Nilipotea katikati ya Kiswahili, nikaanza kuonyesha kwa mikono, mkeka, manyoya, mvua. Kapteni akamgeukia Abdinur. "Ni kweli?"

Abdinur akainua kichwa, akajibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu. "Afande, mimi nilisema toka juzi, hii shati nimeshoneshwa na huyu abaayo, huyu dada, bale dukani. Na nyumba yetu iko hifyo. Laini iko ndani, ya mwenyewe. Nje ni ya mfua."

Kapteni akazungusha lenzi vidoleni. Mwisho akasema, "Mpeni nguo yake."

Lori liliondoka alasiri na watu wanne. Abdinur hakuwemo. Ng'ombe wake wawili waliokamatwa naye hawakuonekana tena, na nani angeuliza. Nilisimama barazani nikaliona lori likielekea darajani, nami nilikuwa na furaha ya kutaka kurukaruka, na papo hapo nikawaza kwamba wale wanne hawakuwa na kola ya kufumuliwa. Furaha yangu ya siku ile haijawahi kupungua, na wale wanne hawajawahi kuondoka ndani yake.

Fundi hakuitaja ile habari ya mimi kuondoka, njiani wala kesho yake, wala keshokutwa. Nilitia vifungo nikingoja nifukuzwe. Siku ya nne Abdinur akaja, amekunja shati kwapani, kola inaning'inia. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Kabla Fundi hajafungua mdomo nikamwambia Abdinur kwa Kiswahili, ili Fundi asikie, kwamba nitamshonea shati jipya, bure, kwa mshahara wangu, uso wa kitambaa nje kama inavyotakiwa.

"Hapana, abaayo," akasema. "Shonea mimi kola tu. Hii nyingine iache hifyo. Laini ni yangu."

Nikanyoosha mkono kulichukua. Fundi Bakari akanitangulia. Alilikunjua mezani, akalipiga pasi, akairudisha oksfodi ndani ya kola mahali nilipoiweka, akashona mwenyewe, mshono wake juu ya mshono wangu, bila kubadilisha chochote. Alikagua mikono. Alikagua mabega. Alipitisha kiganja ndani, upande laini, akakaa nacho humo kwa muda. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kibiringo chekundu, akaligeuza pindo la chini la shati lililokatwa kinyume toka mwanzo hadi mwisho, akatia mishono mitatu.

Mkasi ulikuwa mbali, upande wangu wa meza. Nikamsogezea. Hakuuona, au hakutaka kuuona, maana macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akainama, akakata uzi kwa meno.